Kwaresima ya Wapolandi ndiyo inayonilisha Kraków

Subirini. Subirini kwanza, sikilizeni kule juu… Mmeisikia hiyo tarumbeta? Imekatika katikati, eeh? Si kamera yangu jamani, ndivyo inavyopigwa. Kila saa, usiku na mchana, kuna mtu juu ya mnara wa kanisa la Mariacki anapiga wimbo huu halafu anaukata ghafla. Wenyeji husimulia kwamba zamani mpigaji alikuwa akiwaonya watu kuwa Watatari wanakuja, mshale ukampata kooni. Mimi leo ninachojua ni kwamba saa nane imegonga, matembezi yanaanza, na bado nahangaika na hiki kijiti cha kamera.

Shikamooni wakubwa zangu wote, wadogo zangu habari zenu. Mama, najua unaangalia. Nimevaa kofia, usiniandikie.

Leo natembea nakula. Hapa Kraków kuna matembezi ya kuonja vyakula vya kwao: unalipia mapema, mnakutana watu wachache, kiongozi anawapitisha sehemu tano sita kwa muda wa saa tatu hivi, na kila mnaposimama mnaonja kidogo. Sisi tumekutana chini ya sanamu ya mshairi wao, Adam Mickiewicz, ila hakuna anayeiita hivyo. Wanasema "pod Adasiem", yaani kwa Adasi, kama Arusha tunavyosema tukutane Mnara wa Saa. Msije mmeshiba. Mwaka jana nilikunywa chai na chapati mbili kabla ya kutoka, kufika kituo cha tatu nilikuwa nanusa tu.

Nimekuja kwa sababu kila nikiweka video kuna mtu ananiuliza: dada, wewe Muislamu, unakula nini kwenye nchi ya kitimoto? Swali la haki. Kitimoto kiko kila mahali hapa, kwenye soseji, kwenye supu, mpaka mkate wanaupaka mafuta yake. Kwa hiyo wakati wa kulipia niliandika wazi: sili nguruwe, sinywi pombe. Kiongozi wetu, dada mmoja mcheshi, alipofika akaniambia, "Wewe nitakulisha chakula cha mfungo." Sikumwelewa.

Tumeanza na huu mkate wa duara, obwarzanek. Unauzwa kwenye vigari vidogo kila kona. Unga unasokotwa kama kamba, unaunganishwa kuwa pete, unachemshwa kidogo kwenye maji ndipo unaokwa. Juu ni chumvi, ufuta, au mbegu ndogo nyeusi. Una kumbukumbu ya maandishi tangu mwaka 1394, kwenye hesabu za jikoni kwa Malkia Jadwiga. Ule asubuhi. Jioni unakuwa kama bangili.

Haya, sasa tuko soko la Stary Kleparz, na hapa nitakaa kidogo maana hapa ndipo nilipoanza kuipenda nchi hii. Sogea kamera. Mnaona haya mapipa? Hili kabichi, hili matango. Wanaita kiszone. Si achari ya siki. Ni maji, chumvi, vitunguu saumu, majani na mizizi ya kutia harufu, halafu wanaachia siku zifanye kazi. Yaani yanachacha yenyewe, kama togwa. Siki wanayo, na matango ya siki yapo, ila yana jina jingine, na mama muuzaji ukiyachanganya anakutazama kama umemtukana. Haya ya siku chache tu yanaitwa małosolne, bado yana kijani na yanalia mdomoni… mmesikia? Nchi ambayo ardhi inaganda miezi kadhaa, mboga utaipata wapi Januari? Kwenye pipa.

Pale mbele ni oscypek, jibini la moshi kutoka milima ya Tatra. Umbo lake kama pia, na nakshi zake zinatoka kwenye vibao vya mti vilivyochongwa. Nilipolinusa mara ya kwanza nilimkumbuka bibi jirani yetu, Mmaasai, na kibuyu chake cha maziwa kilichofukizwa. Moshi uleule kabisa. Lakini kuweni wajanja. Oscypek la kweli lina maziwa ya kondoo na hutengenezwa kondoo wakiwa malishoni, Mei mpaka Septemba hivi. Sasa ni Novemba. Mengi mnayoyaona mezani wakati huu ni jibini la ng'ombe lililovalishwa nguo ya oscypek. Tamu, silikatai. Ila waliuze kwa jina lake na bei yake.

Tumeingia ndani, tushukuru Mungu. Hapa ni bar mleczny, "baa ya maziwa". Mama, ni baa ya maziwa, tulia. Ya kwanza ilifunguliwa Warsaw mwaka 1896, na enzi za ukomunisti zikaenea nchi nzima. Unasoma ubaoni, unalipa, unasubiri kuitwa dirishani, sinia unarudisha mwenyewe. Wanafunzi, wastaafu na mimi. Serikali mpaka leo inatoa ruzuku kwa vyakula hivi vya maziwa, unga na mboga, ndiyo maana bei ni ya kibinadamu.

Hizi ni pierogi. Najua mtasema sambusa, na kukunjwa zimekunjwa, lakini zinachemshwa na ngozi yake ni laini. Hizi za viazi, jibini jeupe na kitunguu zinaitwa ruskie. Jina halitokani na Urusi, linatokana na Rus, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo iko Ukraini. Baada ya Urusi kuivamia Ukraini 2022, migahawa mingine ilichoka kueleza, ikazibandika jina la Kiukraini. Hizi nyingine ni za kabichi iliyochacha na uyoga.

Sasa makini, nyie mnaokuja kusoma huku. Pierogi za viazi hazina nyama ndani, ila juu wanaweza kumwaga skwarki, vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa vikakauka. Mwezi wangu wa kwanza nilivila sehemu moja nikidhani ni kitunguu kilichoungua. Nikasifu mpishi! Jifunzeni neno moja kabla hata ya "asante": bez skwarków. Na yale maandazi yao ya jamu, pączki, ulizeni yamekaangwa kwa mafuta gani. Kienyeji ni mafuta hayohayo.

Hapa mezani ndipo dada yetu alipofafanua ule mfungo. Wapolandi wengi ni Wakatoliki. Ijumaa hawali nyama. Zamani Kwaresima walikuwa hawaigusi siku zote arobaini. Na mkesha wa Krismasi, tarehe 24 Desemba, wanaweka vyakula 12 mezani, vyote bila nyama: supu ya bitiruti yenye vifuko vya uyoga, samaki, pierogi, kabichi. Kiti kimoja wanakiacha wazi kwa mgeni asiyetarajiwa. Kumbe kila ninachokula hapa kwa amani kilibuniwa na watu waliofunga! Miaka mitatu nimewaambia watu naishi kwa bahati, kumbe naishi kwa Kwaresima.

Tena kuna hii supu ya żurek. Unga wa rai, nafaka ndugu yake ngano, unalowekwa siku kadhaa unachacha, ndio unakuwa msingi wa supu. Mikahawani wanaitia soseji na yai, kwa hiyo yangu imepikwa bila soseji. Onja… Uji wa kuchachua uliotiwa chumvi na kitunguu saumu. Ilikuwa supu ya Kwaresima, na walikuwa wanaichoka mpaka mfungo ukiisha vijana wa vijijini wanabeba chungu cha żur kwenda kukizika kwa vifijo. Nimecheka peke yangu. Siku ya Idi kwetu nani anataka kusikia neno uji?

Saa kumi tu, giza limeshaingia. Tumeshuka Kazimierz, mtaa ulioanza kama mji wa peke yake mwaka 1335, ukaja kuwa makazi ya Wayahudi kwa karne nyingi, mpaka Wanazi walipowaondoa na kuwaua. Hili jengo la mviringo uwanjani, zamani walichinjia kuku humo. Leo kila dirisha linauza zapiekanka, nusu mkate mrefu wenye uyoga na jibini, chakula cha miaka ya 1970 nyama ilipokuwa adimu madukani. Tena bila nyama!

Kituo cha mwisho ni cha vodka. Wenzangu wamepewa vijiglasi vitatu vitatu na samaki śledź wa chumvi. Neno lenyewe wódka ni kama kusema "kamaji", yaani maji madogo. Mimi nimemwagiwa kwenye kijiglasi kilekile kompot ya matunda makavu, na ndani kuna tunda la plamu lililokaushwa kwa moshi. Moshi tena! Tumegonganisha, na zdrowie.

Mzee mmoja wa hapa dukani akaniuliza natoka wapi. Nikasema Arusha, akaweka glasi chini akasema, "Tengeru." Hivyo tu. Mnaotoka kwetu mnajua: wakimbizi wa Kipolandi waliopelekwa Siberia na Wasovieti, wakapitia Uajemi, kuanzia 1942 maelfu wakaishi pale Tengeru, na makaburi yao yapo mpaka leo. Nimemwambia nimeyaona nikiwa darasa la tano, yanafagiwa. Akamwita mhudumu, akaniongezea kompot.

Betri imebaki asilimia nne, baridi hii inazila. Nimenunua chupa ya chachu ya żurek, kesho naipika. Mama, ile pilipili manga uliyonitumia imeisha, na nina sababu.