Ile Mizani ya Jimu Haipimi Mafuta

Ndugu walimu wa mazoezi, ubaya wa kitambi mnaujua, siurudii. Leo nina ugomvi na ile mizani ya kioo yenye vipande vinne vya chuma.

Mteja anapanda peku, punde inaandika: mafuta asilimia 27.4. Hiyo nukta nne imetoka wapi? Mizani imepitisha mkondo hafifu wa umeme kutoka mguu mmoja kwenda wa pili, ikapima ukinzani, yaani jinsi mwili unavyouzuia umeme huo. Basi. Mengine ni kukisia: inachukua ukinzani, uzito, urefu, umri na jinsia, inakadiria maji ya mwili, inachukulia kwamba kila kisicho mafuta kina maji asilimia 73, kinachobaki inakiita mafuta. Na umeme wenyewe umepanda mguu huu ukashukia ule. Kitambi kimepitwa pembeni!

Mnywesheni lita moja ya maji, apande tena. Uzito umeongezeka kilo moja, ukinzani uko palepale kwa sababu maji bado yamo tumboni, na sehemu kubwa ya kilo ile inaandikwa mafuta. Mafuta ya maji ya bomba! Akitoka mazoezini ngozi ikiwa na joto na jasho, ukinzani unashuka, anaambiwa amepungua. Anafurahi, analipia mwezi mwingine.

Mtasema, "Lakini si inaonyesha mwelekeo?" Sawa, mkipima asubuhi, ametoka haja, hajala wala kunywa, mizani ileile, na mkalinganisha wastani wa wiki kwa wiki. Nani hapa anafanya hivyo? Mnapima saa kumi na mbili jioni.

Koleo la mikunjo ya ngozi, lile la kupima unene wa mafuta chini ya ngozi, nalo lina masharti. Upande wa kulia. Vidole vishike mkunjo sentimita moja juu ya koleo. Achia kishikio kabisa, soma baada ya sekunde mbili. Rudia, tofauti isizidi milimita 2. Kwa kanuni ya Jackson na Pollock, inayogeuza mikunjo kuwa densiti ya mwili (uzito kwa ujazo), mwanamume ni kifua, tumbo na paja. Mwanamke ni nyuma ya mkono kati ya bega na kiwiko, juu ya nyonga na paja. Ukifinya na msuli, umeharibu.

Halafu mnageuza densiti hiyo kuwa asilimia ya mafuta kwa kanuni ya Siri: 495 gawanya kwa densiti, toa 450. Inachukulia kwamba mwili usio na mafuta una densiti ya gramu 1.1 kwa sentimita ya ujazo. Mwaka 1984 mtafiti Schutte na wenzake walikuta ya wanaume Weusi ni kubwa zaidi. Mwenye densiti ya 1.11, Siri anampa mafuta hasi asilimia 4. Anatudai mafuta!

DEXA, ile mashine ya eksirei, niiache, mwenyekiti ananionyesha saa. Ni bora zaidi, ila nayo hukadiria, na mashine mbili hazilingani.

Chukueni futi ya fundi cherehani. Katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ngozi tupu, mwisho wa kutoa pumzi ya kawaida. Kiuno kisifike nusu ya urefu. Na wewe wa kiti cha tatu, acha kubana tumbo, hatujaanza kupima.