Ndege Uliyemkosa Naye Ana Hesabu Yake: Kuhesabu Ndege Mashambani na Msituni

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Chukueni madaftari mawili ya asubuhi moja. La kwanza limetoka mashambani, lina ndege 60. La pili limetoka msituni, nalo lina ndege 60. Wapi kuna ndege wengi zaidi? Wengi hujibu kwamba ni sawa kwa sawa. Ukweli ni kwamba madaftari hayo, yalivyo, hayawezi kutuambia lolote. Shambani, mazao yakiwa mafupi, njiwa huonekana hata mita 150 kutoka uliposimama. Msituni, majani yakifumana, unaweza usione kitu zaidi ya mita 30. Duara la nusukipenyo ya mita 150 lina eneo la hekta 7 na kidogo. La mita 30 halifiki hata theluthi ya hekta. Tofauti ni mara 25! Ukiandika idadi tupu bila umbali, habari hiyo imepotea, na hakuna hesabu ya ofisini itakayoirudisha.

Kwa hiyo kazi yetu ina sehemu mbili: kuhesabu ndege tuliowapata, na kupima ni wangapi wametupita. Sehemu ya pili ndiyo inayosahauliwa, nami nitakaa nayo muda mrefu zaidi.

Tuanze na mahali pa kuhesabia. Kosa la kwanza hufanyika kabla mtu hajatoka nyumbani: anachagua pale anapojua pana ndege wengi. Uingereza walikuwa na sensa ya ndege iliyoanza mwaka 1962, ambapo wahesabuji walijichagulia maeneo na kuchora ramani za himaya za ndege, yaani maeneo ambayo kila ndege huyalinda. Ilikuwa kazi nzuri na ya uvumilivu, lakini maeneo yaliyochaguliwa hayakuiwakilisha nchi nzima. Mwaka 1994 wakaanzisha utaratibu mwingine: miraba ya kilomita moja kila upande, inayopatikana kwa kura ya bahati nasibu. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba hawakuifunga sensa ya zamani siku hiyo. Waliendesha zote mbili sambamba hadi mwaka 2000, ili waone namba za njia moja zinavyolingana na za nyingine. Anayebadili njia bila kipindi cha kupishana hukata uzi wa miaka yote iliyotangulia.

Nanyi fanyeni hivyo. Chora gridi juu ya ramani, tenganisha miraba ya mashamba na ya msitu, kisha piga kura ndani ya kila kundi. Mraba ukiangukia mahali pasipovutia, nenda hivyo hivyo. Ukiangukia palipokatazwa kuingia, chukua unaofuata kwenye orodha ya kura, si ule ulio jirani na barabara. Barabara ina ndege wake: wale wa ukingoni na wa kwenye nyaya. Ndege wa katikati ya msitu haji kukusalimu njiani.

Shambani ninapendekeza mstari wa kutembea, msituni vituo vya kusimama. Shambani unaona mbele, na ndege wametawanyika, kwa hiyo kutembea kunakupa wengi zaidi kwa saa moja. Msituni, anayetembea hutazama miguu yake, huvunja vijiti, na hasikii. Simama basi. Vituo vya msituni viachane angalau mita 200. Ukitumia vituo shambani pia, viachane mita 300 au zaidi, maana huko ndege yule yule huonekana kutoka vituo viwili.

Ule utaratibu wa Uingereza una mistari miwili ya kilomita moja, kila mmoja ukikatwa vipande vitano vya mita 200, na ndege wanaandikwa katika kanda tatu za umbali: hadi mita 25, kati ya 25 na 100, na zaidi ya 100. Wanaoruka tu juu wana safu yao peke yao. Kwa mtu anayeanza, kanda hizo zinatosha. Aliyezoea apime umbali wenyewe kwa mita.

Hapa kwenye umbali ndipo makosa yanapozaana. Kwenye mstari, umbali unaotakiwa ni ule wa pembe mraba kutoka kwenye mstari hadi alipo ndege, si kutoka kwenye pua yako. Ndege akiwa mbele mita 80, lakini pembeni mwa mstari mita 10 tu, andika 10. Kwenye kituo, pima kwa usawa wa ardhi. Ndege aliye kileleni mwa mti wa mita 25, moja kwa moja juu ya kichwa chako, yuko umbali wa sifuri. Nimeona fomu nyingi zenye 25 mahali hapo, na kosa hilo peke yake linatosha kuondoa ndege wote wa karibu kwenye takwimu za msitu. Tena andika mahali ndege alipokuwa *ulipompata kwanza*. Kwale aliyeruka kwa kukuogopa hapimwi alipotua, anapimwa alipoinukia. Vivyo hivyo yule uliyemkurupusha ukikikaribia kituo.

Msituni umbali mwingi ni wa kusikia, na sikio hudanganya. Ndege aliyekupa mgongo husikika kama yuko mbali kuliko alivyo. Sauti nyembamba hufifia haraka kwenye majani. Dawa yake ni mazoezi: sikia mlio, taja umbali, mtafute ndege, kisha pima kwa kipima umbali cha leza. Rudia hadi makosa yapungue, na urudie tena kila msimu. Kwenye kila kituo, pima kwanza miti minne au mitano inayoonekana, uijue kwamba huu uko mita 20, ule 45. Na jihadharini na namba za mviringo: daftari likijaa 10, 50 na 100 huku 35 na 70 hazipo, mwandishi wake alikuwa anakisia.

Umbali huo hutufaaje? Tunachukua kwamba kila ndege aliye kwenye mstari wenyewe au kwenye kitovu cha kituo amepatikana. Tukienda mbali, wanaopatikana wanapungua, na mwendo wa kupungua ndio unaotuambia tuliowakosa. Ili mwendo huo uonekane vizuri, spishi moja inahitaji kupatikana mara 60 hadi 80 kwenye mistari, na mara 75 hadi 100 kwenye vituo. Asiyefika idadi hiyo tumuunganishe na wanaofanana naye kwa mlio na tabia, lakini tusimchanganye wa msituni na wa shambani. Kila makazi yapate mchoro wake wa mwendo huo wa kupungua.

Mazao nayo yanahitaji jicho. Ziara ya kwanza mahindi yako magotini. Ya pili yamempita mtu kimo, na shomoro uliowahesabu mwanzo hawaonekani. Hawajahama, wamefunikwa. Andika zao na urefu wake kila ziara, vinginevyo utatangaza kupungua kwa ndege ambao wamo humo humo. Kituo kilicho mita 60 kutoka ukingo wa msitu nacho kina sehemu ya duara lake shambani, kwa hiyo kila ndege aandikiwe makazi alimokuwa.

Kwenye kituo, subiri dakika moja au mbili ndege watulie, kisha hesabu kwa dakika 5 au 10. Amerika Kaskazini sensa yao ya tangu 1966 hutumia dakika 3 tu, katika vituo 50 vya kando ya barabara, kwa sababu lengo lake ni kufuata mwenendo wa miaka katika eneo kubwa sana. Msituni dakika 3 ni chache, bali kuongeza tu si suluhisho: ukikaa dakika 20, ndege wanaopita wanaingia kwenye duara mmoja baada ya mwingine, na msongamano unaokokotoa, yaani ndege kwa hekta, unapanda bila ndege kuongezeka. Nashauri dakika 10 zilizogawanywa, 5 za mwanzo na 5 za mwisho, kila ndege akiandikwa kipindi alichotokea. Mbayuwayu wanaowinda wadudu juu ya shamba wanalitumia shamba, waandikwe. Kundi linalokatiza angani kwenda kwingine liingie safu ya wapitao.

Anza nusu saa baada ya jua kuchomoza na umalize ndani ya saa tatu au nne. Usifuate mpangilio ule ule kila ziara: kituo kinachofikiwa mwisho daima kitaonekana maskini kwa sababu ya jua kali, si kwa sababu ya ndege. Upepo ukianza kutikisa matawi madogo, ambao ni 4 kwenye kipimo cha Beaufort, acha. Mvua ikinyesha, acha.

Wahesabuji wazungushwe kati ya mashamba na msitu. Mmoja akipewa msitu wote na mwenzake mashamba yote, hatutajua kama tofauti ni ya makazi au ya masikio. Uwezo wa kusikia sauti nyembamba hupungua kwa umri, hata kwa bingwa, na hilo lipimwe kwa heshima na bila kuficha.

Ziara moja haitoshi. Ndege msiri, mwenye nafasi ya asilimia 30 ya kupatikana katika ziara moja, atapatikana angalau mara moja katika ziara 3 kwa nafasi ya asilimia 66 hivi, na katika ziara 5 kwa asilimia 83. Ndiyo maana "hayupo" ni neno zito. Na kituo ambacho hukupata ndege kiandikwe 0 na saa yake, kisiachwe wazi. Nafasi wazi husomwa kwamba hukufika.

Vinasa sauti vinafaa kwa bundi na ndege wengine wa usiku, na kwa kuhakiki mlio wenye ubishi. Umbali havikupi kwa urahisi, basi visichukue nafasi ya mtu.

Kabla ya msimu, fanyeni asubuhi mbili za majaribio, shambani moja na msituni moja, wahesabuji wawili wakisimama kituo kimoja na kuandika bila kusemezana. Kisha linganisheni mstari kwa mstari: nani alimkosa nani, na katika umbali gani. Fomu isiyo na nafasi ya urefu wa mazao, upepo na jina la mhesabuji itajionyesha hapo hapo, kabla haijachapwa mamia ya nakala. Walioleta fomu zao, tuzifungue sasa.