Kabureta Ikimwaga Mafuta, Usikimbilie Kununua Ingine

Haya jamani tuanze. Mwenye sigara aizime ama atoke nje kidogo, na wale wa kuchomelea hapo upande wa pili nimewaomba wapumzike hadi tumalize, ju leo tunafungua kabureta, kile kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa kabla ya kuingia kwa injini, na petroli haitaki cheche.

Hapa Kisumu pikipiki ya zamani ikianza kudondosha mafuta, utaambiwa hapo hapo kabureta imeisha, nunua ingine. Mimi sikubali. Zile Keihin na Mikuni zilizokuja na pikipiki za Japani zilitengenezwa vizuri kushinda hiyo mpya ya bei rahisi utakayouziwa, na mara nyingi shida ni kitu kidogo tu ndani. Kwa hivyo kwanza jua inavujia wapi. Pangusa kabureta yote ikauke, fungua tapu ya mafuta chini ya tangi, halafu uchuchumae hapo na tochi ungoje tone la kwanza, usiangalie penye mafuta yameishia, angalia penye yameanzia.

Ikiwa inatoka kwa maungio ya kikombe cha chini, hiyo ni gasketi ama oringi imekauka, badilisha uendelee na maisha. Ikiwa inatoka kwa ule mpira unaoning'inia chini, hapo ndio kuna kazi, mara nyingi inamaanisha kikombe kinajaa kupita kiasi. Floti ni kama lile boya la tangi la choo, mafuta yakipanda inapanda nayo inasukuma sindano ifunge njia. Sasa ukinunua mafuta ya chupa huko reserve, yaani kijijini, na chujio ulishatoa kitambo, punje moja ya mchanga ikikaa hapo kwa sindano haiwezi kufunga. Ndio maana ukigonga kabureta na mpini wa bisibisi inanyamaza. Ni kweli inasaidia, itakufikisha nyumbani, lakini huo uchafu bado uko ndani na kesho utagonga tena.

Toa sindano uishike hivi kwenye mwanga. Mnaona ncha yake? Pitisha ukucha polepole. Ukisikia ukucha unakwama kwa kamstari kamezunguka, hiyo sindano imelika, hata uioshe namna gani itavuja. Nayo floti itikise karibu na sikio, ukisikia mafuta yanacheza ndani imetoboka. Ya shaba unaweza kuziba na risasi ya kuchomelea lakini kwanza umalize petroli yote ndani, na uweke kidogo sana, ikizidi floti inakuwa nzito na kiwango kinapanda. Ya plastiki we badilisha tu.

Kuna moja inasumbua mafundi sana. Sindano mpya, floti nzima, bado inamwaga. Angalia ndani ya kikombe, ile paipu ndogo ya shaba iliyosimama wima katikati, inayotoa mafuta ya ziada kwa ule mpira wa chini. Kwa hizi za zamani inapasuka ubavuni, ufa mwembamba kama unywele, na mafuta yanapita hapo hata kama kiwango kiko sawa kabisa. Toa kikombe, jaza mafuta yasifike mdomo wa hiyo paipu, weka juu ya karatasi kavu. Karatasi ikilowa umepata mwizi wako.

Huyu wa steji ya Kondele anauliza kama silikoni inaweza kuziba kikombe. Hapana ndugu yangu. Silikoni ya kawaida ikikutana na petroli inavimba, inakatika vipande, inaenda kuziba jeti, yale matundu madogo ya kupitisha mafuta, na sasa una shida mbili. Hata oringi za mafundi wa maji ni hivyo hivyo, tafuta za kuvumilia petroli, zile za viton, aina ya raba isiyoharibiwa na petroli. Hiyo ni muhimu zaidi kama una pikipiki ya kabureta nne, kama ile Honda CB750 iliyotoka 1969, ju zile paipu fupi za kati zinaunganisha kabureta na oringi zake ndizo zinakauka, na kuzifikia lazima utenganishe safu nzima.

Mama hapo nyuma ameuliza swali zuri, kwa nini oili ya pikipiki yake imeongezeka na hajaongeza. Mama, inuse. Ikinuka petroli, mafuta yamepitia kabureta yakaingia kwa injini usiku, maana tapu iliachwa wazi na sindano haishiki. Usiipige kiki. Petroli ikijaa juu ya pistoni haibanwi kama hewa, unaweza kupinda konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni. Toa plagi, zungusha injini polepole mafuta yatoke, plagi ikae mbali isitoe cheche, mwaga oili yote uweke mpya, ndio urudi kwa sindano. Na tapu yenyewe upime: ifunge, chomoa mpira, weka kikombe chini yake nusu saa. Kikombe kikipata hata matone machache, badilisha raba ya tapu.

Sasa leteni hiyo Yamaha hapa mbele, nani ana bisibisi ya nyota isiyolika?