Ligeuze Kwanza: Namna ya Kulisoma Bakuli la Kioo la Zamani

Asanteni, asanteni sana jamani, naona viti vimejaa mpaka nyuma, nyie wa nyuma mkiona nashika kitu chini sana nipigieni kelele ninyanyue. Kabla sijaanza naomba hili bakuli lizunguke, lipokeeni kwa mikono miwili, mkono mmoja chini ya kitako, msilibebe kwa ukingo, na likikufikia usiliangalie vile tulivyozoea kuliangalia likiwa limekaa katikati ya meza na matunda ndani, we ligeuze. Ligeuze kabisa, kitako kiwe juu. Nusu ya yote nitakayosema leo iko pale chini, na watu wengi wanakaa na haya mabakuli miaka ishirini hawajawahi kupaangalia.

Sasa mkiwa mnalipitisha niwaambie lilivyozaliwa, maana hili ni la kioo cha kukandamizwa. Fikiria kinu na mchi. Kinu ni kalibu ya chuma iliyochongwa nakshi kwa ndani, mchi ni chuma laini kinachoshuka kutoka juu. Kioo kikiwa uji wa moto wanakata tonge kwa mkasi, linadondokea kwenye kalibu, mchi unashuka, uji unapanda pembeni unajaza kila kichongo, na hapo hapo bakuli lina umbo. Ndo maana ukipitisha kidole ndani panateleza kabisa, pamepitiwa na mchi, halafu nje ndo kuna maua, almasi, mistari, kila kitu. Kile cha kupulizwa ndani ya kalibu hakiko hivyo, pale pumzi ndiyo inayosukuma kioo, kwa hiyo nakshi ikitokeza nje kwa ndani pana kishimo chake, unakisikia. Na cha kuchongwa kwa gurudumu pembe zake zinakuwa kali, zinakwaruza ngozi ya kidole, cha kukandamizwa pembe zake ni za duara kidogo, kama zimelambwa. Ukishashika vitatu hivyo mara kadhaa mikono inajua kabla ya macho.

Mshono nao. Kalibu inafunguka vipande viwili, vitatu au vinne, na pale vinapokutana panabaki kamstari. Wengine wanakuja kwangu wanasema hiki hakina mshono basi hakijakandamizwa, hapana, mafundi wazuri walikuwa wanaupitisha mshono kwenye kona ya nakshi ili usionekane, halafu wanarudisha chombo kwenye moto kidogo kioo kiyeyuke juu juu, ndo kile king'ao cha moto mnachokiona. Utafute mshono kwenye kona za nakshi na kwenye miguu, upo.

Kuna kitu kingine kinawatisha watu bure na mi kinaniuma sana maana nimeona mabakuli mazuri yakitupwa kwa ajili yake. Hilo linalozunguka, aliyenalo sasa hivi, ndiyo wewe dada, angalia upande wa ndani karibu na kitako, kuna kamstari kama unywele. Umekaona? Ule sio ufa. Ni kovu la mkasi, pale tonge lilipokatwa kioo kilipoa kidogo kuliko kwingine kikabaki na alama. Pitisha ukucha, haukwami. Sasa linyanyue kwenye taa ulizungushe polepole, ufa ungemulika kama kipande cha fedha kwa pembe fulani halafu ungezima, huo haumuliki, unabaki hivyo hivyo kila upande. Kovu la kuzaliwa halilipunguzii bakuli kitu.

Haya, umbo. Hapa naomba mnisikilize vizuri sana kwa sababu hapa ndo watu wanapotea na mi nilipotea karibu mwaka mzima. Nilikuwa na bakuli lenye ukingo uliokunjwa kunjwa kama pindo la gauni, nikawa natafuta kwenye katalogi za zamani bakuli la ukingo wa hivyo, kurasa kwa kurasa, sipati, nikaanza kuamini labda ni kiwanda kisichojulikana. Kumbe nilikuwa nimelipita mara nyingi, lipo, ila kwenye picha limesimama wima, ukingo umenyooka. Ni kalibu moja! Bakuli likitoka kwenye kalibu bado ni laini, fundi anaweza kuutanua ukingo, kuukunja, kuukusanya ndani, kuubana pande mbili liwe kama mtumbwi, hata kulivuta lirefuke. Kalibu moja inazaa ndugu watano sita na kila mmoja ana sura yake. Kwa hiyo ukingo ni kazi ya dakika ya mwisho, usiutumie kutafuta jina. Tafuta kwa vile ambavyo fundi hakuweza kuvigusa: nakshi ya sehemu ya chini, idadi ya miguu, kitako, nyota iliyo chini ya kitako ina ncha ngapi. Mi siku hizi nahesabu ncha kabla sijafungua katalogi yoyote.

Kuhusu umri nitapita haraka haraka. Mashine za kukandamiza zilishika kasi Marekani miaka ya 1820, kiwanda kinachosemwa zaidi ni cha Deming Jarves pale Sandwich, Massachusetts, kilianza 1825 kikafungwa 1888. Vyombo vyao vya miaka ya 1830 vimejaa vidoti vidogo vidogo nyuma ya nakshi kama lesi, na vidoti vile havikuwa urembo tu, kalibu ilikuwa inakipoza kioo haraka mno kinatoka na makunyanzi, vidoti vinayaficha. Halafu 1864 William Leighton kule Wheeling, West Virginia akapata mchanganyiko mzuri wa magadi na chokaa badala ya madini ya risasi, rahisi zaidi na mwepesi, viwanda vikahamia huko. Ndo maana watu wanagonga bakuli kwa kucha wasikie kama linalia kama kengele, la risasi linalia. Ligongeni lakini msiitegemee sauti peke yake, bakuli nene la miguu mifupi hata likiwa na risasi linaweza kukujibu kwa sauti butu. Kuanzia 1907, 1908 kiwanda cha Fenton cha huko huko Marekani wakawa wanapulizia chumvi za madini juu ya kioo cha moto kinatoka na rangi za upinde wa mvua, wenyewe tunaita kioo cha kanivali ingawa jina hilo lilikuja baadaye sana, na ile miaka ya uchumi kuanguka baada ya 1929 ndo tunapata yale ya waridi na kijani yaliyotoka kwa wingi sana kwenye mashine.

Miaka ya 1920 na 1930 pia ndo enzi ya seti za katikati ya meza, bakuli pana na vinara viwili, au bakuli lenye tofali la kioo la matundu ndani la kusimamishia maua, la kiwanda cha Davidson wa Gateshead, Uingereza, wakati mwingine lina kigoda cheusi chini. Seti hizi zimetawanyika, mtu anauza bakuli, tofali la maua limebaki kwenye droo ya mtu mwingine, na mara nyingi unakuta vimeunganishwa visivyo ndugu. Viweke juu ya karatasi nyeupe mchana, karibu na dirisha, kijani cha kiwanda kimoja na cha kingine havifanani hata kidogo vikiwa pamoja.

Sasa alama, najua ndo wengi mmekuja kwa ajili yake. Waingereza wametusaidia sana, kati ya 1842 na 1883 kuna alama ya usajili yenye umbo la almasi, imesimama kwa ncha, juu ina kiduara chenye III, hiyo III ni kundi la vioo, na herufi na namba za kwenye kona zinakupa mwaka, mwezi na siku. Kuanzia 1884 wakahamia namba, zinaanza na Rd. Ila tarehe ile ni ya kusajili nakshi, bakuli lenyewe linaweza kuwa limetoka miaka kumi baadaye. Kiwanda cha Sowerby wa Gateshead wana kichwa cha tausi. Kwa viwanda vya Marekani, N yenye mstari chini ni Northwood, C ndani ya pembetatu ni Cambridge, H ndani ya almasi ni Heisey wa Newark, Ohio, na hapo kwenye H simameni kidogo. Heisey walifunga 1957, mwaka uliofuata kiwanda kingine, Imperial, wakanunua kalibu zao, na kwa miaka kadhaa vyombo viliendelea kutoka na ile ile H. Kwa hiyo H inakuambia kalibu ni ya nani, haikuambii nani alimimina kioo, rangi ndo inakuambia, ukikuta rangi ambayo Heisey hawakuwahi kuitengeneza basi umejibiwa. Imperial wenyewe toka 1951 waliweka I na G zimepandana. Fenton walianza kuandika jina lao ndani ya duara la yai 1970, lenye 8 ndogo ni la miaka ya themanini, lenye 9 la tisini, basi mtu akikuuzia lenye duara hilo kwamba ni la bibi yake wa mwaka 1910, unajua la kumjibu.

Na mabakuli mengi sana hayana alama yoyote! Kiwanda cha Fostoria cha Marekani walikuwa wanabandika karatasi, ikioshwa mara mbili imekwenda. Ile nakshi yao ya vipande vya mraba, inaitwa American, ya 1915, kiwanda cha Indiana Glass walikuja kutengeneza inayofanana nayo, ukiona vimraba usiruke kusema Fostoria, pima kipenyo, pima kimo, linganisha na katalogi. Au ile ya mwezi na nyota, Adams wa Pittsburgh waliitoa karne ya 19 kwa jina la Palace, lakini mengi mnayoyaona ya rangi ya asali na nyekundu ni ya karne ya 20, kalibu mpya. Hapo rudini kwenye kitako. Bakuli lililosukumwa mezani miaka themanini lina pete ya mikwaruzo pale tu linapogusa meza, mikwaruzo midogo, inaenda kila upande, mirefu na mifupi. Iliyopigwa msasa juzi ili bakuli lionekane la zamani inaenda upande mmoja, na mara nyingine imefika hata pale ambapo meza haigusi.

Kuosha nitasema maneno machache tu, maji ya vuguvugu, mikono, taulo chini ya sinki. Mashine ya kuosha vyombo hapana. Ule ukungu mweupe ukiwa ni chokaa ya maji siki inautoa, ukiwa ni kioo chenyewe kimelika hautoki tena, na bakuli lililokaa kwenye baridi usilimwagie maji ya moto, kitako ni kinene na ukingo ni mwembamba, haviwezi kupanuka pamoja, linapasuka mkononi.

Haya limesharudi? Asante dada. Sasa hapa mezani yapo mengine matatu, kwa macho yote ni ya kijani tu. Nina taa ya UV hapa, ile ya miale isiyoonekana kwa macho. Lenye madini ya urani litawaka kijani kikali kama jani la mgomba lililomulikwa na jua, lenye madini ya manganizi litawaka kijani hafifu sana, na hilo la tatu halitafanya chochote. Niambieni kabla sijawasha, lipi ni lipi, na kwa nini. Aliye karibu na swichi azime taa.