Springfield: Mawe Yenye Namba na Viwanja Vitupu

Asanteni. Naona wengine mmesimama nyuma. Hapa mbele viti vipo, karibuni.

Kila ninapowauliza watu wetu wanaoishi Illinois, Marekani, mji mkuu wa jimbo lao ni upi, wengi hujibu Chicago. Siyo. Mji mkuu ni Springfield, wenye watu laki moja na ushei, zaidi ya kilomita 300 kusini-magharibi mwa Chicago, katikati ya mashamba ya mahindi na soya. Ukipanda treni asubuhi, mchana umefika. Nawaomba jambo moja: mkisimama mbele ya jengo la kale, swali la lilijengwa lini waachieni vibao. Ninyi ulizeni nani aliamua libaki.

Tuanzie katikati ya mji, kwenye Bunge la Zamani. Ujenzi wake ulianza mwaka 1837, kwa mawe ya chokaa ya rangi ya mchanga, na nguzo za mtindo wa Kigiriki. Ndani yake, tarehe 16 Juni 1858, Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alitoa hotuba ya nyumba iliyofitinika, akisema taifa haliwezi kudumu nusu watumwa nusu huru. Mei 1865 mwili wake ukalazwa katika ukumbi uleule ili watu wamuage. Na tarehe 10 Februari 2007, kwenye baridi kali, Barack Obama, mtoto wa Mkenya, alisimama nje ya jengo hilo akatangaza kugombea urais. Nadhani wengi wenu mnaikumbuka siku ile kuliko mimi.

Sasa sikilizeni lililolipata jengo lenyewe. Serikali ya jimbo ilipohamia Bunge jipya mwaka 1876, hili likageuzwa mahakama ya kaunti. Nafasi haikutosha. Mwaka 1899 wakaliinua jengo zima, wakachomeka ghorofa mpya chini yake! Miaka ya 1960 jimbo likalichukua tena, likavunjwa jiwe kwa jiwe, kila jiwe likapewa namba. Pale chini pakachimbwa maegesho ya magari, kisha mawe yakarudishwa mahali pake. Ya ndani mengi ni mapya. Je, hilo ni jengo la kale? Mimi nakubali, ila kwa shingo upande.

Kwenye Bunge la sasa sitawachelewesha. Kuba lake lina urefu wa futi 361, limelipita lile la Washington, na ujenzi ulianza 1868 ukachukua miaka ishirini. Ingieni, inueni shingo, tokeni.

Muda wenu uwekeni kwenye nyumba ya Dana-Thomas. Susan Lawrence Dana, mjane aliyerithi mali ya baba yake, alimwita msanifu majengo Frank Lloyd Wright mwaka 1902 aikarabati nyumba ya familia. Ukarabati huo ukazaa jumba la vyumba 35. Mlangoni dari ni ya chini hata unajikuta umejibana. Unapiga hatua, na ghafla ukumbi unapanda juu. Ndivyo Wright alivyopenda kumwongoza mgeni. Madirisha na milango ya vioo vya rangi, karibu 250, vinarudia umbo la mmea uitwao sumac unaoota porini huko, na meza, viti na taa vilisanifiwa na mkono uleule. Lakini katikati ya usasa wote huo kumebaki sebule moja ya nyumba ya zamani ya baba. Binti hakukubali iguswe, au ndivyo ninavyopenda kuamini.

Kisha nendeni nyumbani kwa Lincoln, aliponunua mwaka 1844. Nyumba ya mbao, ya kawaida, na kwangu ukawaida huo ndio utamu wake. Mwanawe Robert aliikabidhi jimbo mwaka 1887 kwa sharti itunzwe na watu waingie bure. Mtaani humo kuna kiwanja kitupu cha Jameson Jenkins, mtu mweusi huru aliyekuwa akisafirisha mizigo kwa gari la farasi na kuwasaidia watumwa waliotoroka. Waongozaji wengi wa watalii hupapita haraka. Simameni hapo.

Na kuna mahali pengine. Agosti 1908, halaiki ya wazungu ilikusanyika jela kuwadai wafungwa wawili weusi. Sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, alikuwa ameshawatorosha, basi hasira ikageuziwa mitaa ya weusi. Nyumba na maduka yakateketezwa, watu wawili weusi wakanyongwa, mmoja wao William Donnegan, fundi viatu mzee, si mbali na lile kuba la Bunge. Kutokana na ghasia hizo, mwaka uliofuata kikaanzishwa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi. Zaidi ya karne nzima mahali hapo pakakaa bila alama ya maana. Mwaka 2014, wachimbaji waliotangulia mradi wa reli wakakuta misingi ya nyumba tano zilizoungua, na Agosti 2024 eneo likatangazwa eneo la kumbukumbu la taifa.

Pangeni safari yenu muanzie hapo relini, kabla ya nguzo na kuba. Kwa nyumba ya Lincoln chukueni tiketi mapema; ni za bure mpaka leo, na wakati wa kiangazi foleni huwa ndefu. Haya, nani ana swali?