Mwani, Leza na Jicho Lisiloona

ASHA: Msikilizaji wetu wa Wete katuletea ujumbe wa sauti. Kasikia ati kuna leza inayowarejeshea vipofu macho, na baba yake haoni. Maalim, kitu hicho kipo?

JUMA: Kipo, ila khabari zimemfikia zimechanganyika. Tuanze na mwani.

ASHA: Mwani? Huu wa kina mama wa Paje?

JUMA: Siyo huo! Huu ni wa seli moja, wa maji baridi, bila ya hadubini huuoni. Jina lake Chlamydomonas. Una doa linalohisi mwanga na mikia miwili ya kuogelea kuufuata. Huko Ujerumani, Peter Hegemann, Georg Nagel na Ernst Bamberg wakataka kujua doa lile linafanyaje kazi. Mwaka 2002 na 2003 wakaonesha kuna protini iliyokaa kwenye utando wa seli mithili ya mlango: mwanga ukiipiga inafunguka, chembe zenye chaji zinaingia.

ASHA: Na seli za ubongo si zinapelekeana ishara kwa chaji hizo hizo?

JUMA: Hapo hapo! Mwaka 2005, Marekani, Karl Deisseroth na Ed Boyden wakaitia jeni ya mlango ule, yaani maelekezo ya kuutengeneza, kwenye seli za neva. Wakazimulika kwa mwanga wa buluu, zikaitika kwa usahihi wa milisekunde. Baadaye ukapenyezwa uzi wa kioo kwenye ubongo wa panya, leza upande wa pili. Wakiiwasha, panya anatikisa masharubu.

ASHA: Masikini panya wa watu! Haya, jicho je?

JUMA: Mwaka 2021, José-Alain Sahel, Botond Roska na wenzao walitoa khabari za bwana mmoja wa miaka 58. Kwa maradhi ya kurithi, seli zake za kupokea mwanga kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho, zilikuwa zimekufa. Lakini zile za kupeleka khabari ubongoni zilikuwa hai. Akapigwa sindano jicho moja, yenye virusi visivyodhuru vilivyobeba jeni ya protini kama ile, ila hii inaitikia mwanga wa rangi ya kaharabu. Buluu kali huumiza jicho.

ASHA: Akaona?

JUMA: Si siku ile. Ilipita miezi, akawa anafundishwa kutumia miwani yenye kamera inayomrushia mwanga ule jichoni. Akiivaa, daftari lililo mezani analiona na kuligusa. Gilasi anazihesabu. Akiivua, hakuna kitu. Na sura za watu hazitambui, kwa hiyo wanaotangaza "vipofu sasa wanaona" wananikera.

ASHA: Wewe nawe! Si alisema akiwa nje aliiona mistari myeupe ya kivuko barabarani? Kwa mtu wa kushikwa mkono, hilo si dogo.

JUMA: Si dogo, nakubali. Lakini baba wa Wete kwanza apimwe ijulikane ana nini. Ikiwa ni mtoto wa jicho, hahitaji jeni wala mwani: lenzi iliyofanya ukungu inatolewa, inawekwa ya bandia. Operesheni hiyo inafanywa hapa hapa visiwani.

ASHA: Na ikiwa presha ya macho?

JUMA: Basi hata njia hii ya mwani haimfai. Presha inaua zile zile seli za kupeleka khabari, na jeni hii inataka seli iliyo hai. Iliyokufa hairudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Na msikilizaji mwenyewe akapimwe, asingoje mpaka aone kiza, maana presha ya macho hutembea kwenye ukoo.