Dau la Mtu Usiyemwona

Ndugu zangu, kwenye mnada wa ng'ombe ukipandiwa bei, unageuka kumtazama aliyekupandia. Ukiona ni shemeji wa mwenye ng'ombe, unajiondokea. Leo nazungumzia mnada ambao ukigeuka huoni mtu.

Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, hulipiwa kwa muda. Mwenye jina la .com asipolilipia, mwishowe huwa na siku 30 za kulikomboa kwa gharama kubwa, kisha siku 5 za kungoja lifutwe. Likifutwa, kampuni za kudaka majina hulinyakua papo hapo. Walioliagiza wakiwa wengi, hushindanishwa kwa mnada.

SnapNames ya Marekani ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa za kazi hiyo. Novemba 2009 ilitangaza kwamba mfanyakazi wake mmoja alikuwa akiweka madau kwa siri katika minada yake yenyewe tangu 2005, akitumia jina la uongo: halvarez. Kwa hesabu ya kampuni, takriban asilimia 5 ya minada iliguswa. Wateja waliahidiwa kurudishiwa walichozidishiwa, pamoja na riba.

Naomba tutue hapa. Unauambia mfumo, "Mwisho wangu dola 1,000," unaenda kulala. Mfumo unakupandishia kidogo kidogo kila anapotokea mshindani. Washindani wa kweli wameishia 100. Mtu wa kupandikizwa anakuja, anafika 950. Asubuhi unaamka umeshinda kwa 960, unawapigia simu jamaa zako kwa furaha. Nani atalalamika naye ameshinda? Kinachoniuma mimi ni hicho: aliyeibiwa alishukuru.

Na jina halvarez halikufichwa. Wanunuzi walishindana nalo wakidhani ni mnunuzi mwenzao. Kwa hiyo kuonyesha majina ya akaunti hakutoshi. Wala sidai kila mnunuzi aanikwe hadharani. Mnunuzi mkubwa akijulikana, wengine humfuata tu na bei hupanda bila sababu. Ninachodai ni mnadishaji athibitishe kila akaunti ni ya nani, wafanyakazi wake wasiguse dau, na mkaguzi wa nje awe na ruhusa ya kufungua mfumo wakati wowote, bila kubisha hodi.

Mkiniuliza tuanze na lipi, naanza na daftari: kila dau, saa na sekunde yake. Mshindi apewe, na aliyeshindwa apewe, siku hiyo hiyo.